Hesabu kwanza, okota baadaye: kufundisha habari za plastiki shuleni kando ya Ziwa Victoria

Mwaka niliopewa ulezi wa klabu ya mazingira nilifanya karibu kila kosa, tena kwa siku moja. Niliwapeleka watoto wa darasa la tano na la sita ufukweni Jumamosi asubuhi, tukaokota taka mpaka saa sita mchana, tukajaza magunia, tukaimba, tukapiga picha. Gari la taka tuliloahidiwa halikuja. Jumapili halikuja, Jumatatu halikuja. Jumanne usiku ikanyesha mvua ya kweli, na Jumatano asubuhi mtoto mmoja anayekaa huko huko mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akanisubiri getini. "Mwalimu," akasema, "magunia yetu yanaelea."

Gari liliniudhi, lakini kilichoniuma zaidi ni darasani. Nilipowauliza wamejifunza nini, wakajibu kwa sauti moja: "Tusitupe taka ovyo!" Jibu hilo walikuwa nalo tangu chekechea. Asubuhi nzima ya jua haikuwaongezea kitu. Tangu hapo siwaanzishi watoto na kuokota. Tunaanza na kuhesabu, halafu tunaifuata taka mpaka ilikotoka, na kuokota ni karibu na mwisho.

Ninaandika kwa ajili ya mwalimu wa msingi au wa kidato cha kwanza na cha pili aliye Mwanza au popote kwenye mwambao, iwe Igombe, Kayenze, Sengerema au Ukerewe. Tenga vipindi vitano hivi na asubuhi mbili za nje. Kwenye ratiba, kazi hii inaingia vizuri kwenye Sayansi au Jiografia na Mazingira, na jedwali lake unaweza kulihamishia kwenye Hisabati bila mtu kukuuliza.

Nenda peke yako kwanza

Kabla ya kuwataja watoto, nenda ufukweni mwenyewe asubuhi, na ujibu maswali machache. Kuna mchanga mkavu wa kutosha watoto thelathini kusimama bila kukanyaga maji? Kuna vioo? Kuna mahali watu wanajisaidia? Viboko wamewahi kuonekana hapo? Hilo la mwisho waulize wavuvi, usijiulize mwenyewe.

Kisha pita kwa mwenyekiti wa mtaa, na kama ni mwaloni pita kwa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi hapo. Hapa usifanye haraka. Watu wa mwaloni wakiona kundi la watoto na madaftari linapita kando ya nyavu zao, wazo la kwanza ni kwamba mmetumwa kuangalia nyavu haramu. Mimi walinifungia njia mara ya kwanza, na sikuwalaumu. Eleza wazi kwamba hamhesabu nyavu za mtu zilizoanikwa, mnahesabu taka iliyolala mchangani. Ukipata mzee mmoja wa mwaloni akubali kutembea nanyi, umepata mwalimu wa pili, na mara nyingi anajua kuliko wa kwanza.

Sharti moja halina mjadala: hakuna mtoto anayeingiza mguu majini. Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi iliyo nzima, havihitaji kidonda. Watoto wa mwaloni watakucheka, kwa sababu wao huoga humo kila jioni. Waache wacheke. Ukiwa nao wewe, kamba inawekwa hatua tatu kutoka ukingo wa maji, na viatu havivuliwi. Liandike hilo kwenye barua ya wazazi.

Somo la ndoo

Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kutoka darasani. Tafuta ndoo ya maji safi yenye kuonyesha ndani (beseni jeupe nalo linafaa), chupa ya maji ya dukani, mkasi, na kilo moja ya chumvi. Waagize watoto walete kutoka nyumbani: kipande cha kamba ya manila ya plastiki, uzi wa wavu uliotupwa, kifuko cha karanga, kipande cha ndoo iliyovunjika, kandambili iliyokatika. Kwa mtoto wa mwambao hayo ni mazoezi ya dakika mbili.

Chukua chupa. Wageuzie kitako chake waone pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Kwenye chupa ya maji ni namba 1. Kifuniko ni plastiki nyingine kabisa, kwa kawaida jamaa ya namba 2 au namba 5. Sasa funga chupa tupu na uiweke majini. Inaelea, hakuna anayeshangaa. Ifungue, kata kipande cha ukubwa wa kucha, kipake sabuni kidogo ili vipovu vya hewa visikinase, kisha uliza kabla hujaachia mkono: kitaelea au kitazama?

Darasani kwangu karibu mikono yote hupanda kwenye "kuelea". Plastiki huelea, kila mtu anajua. Unaachia. Kinashuka polepole, kinayumba kama jani, kinalala kwenye kitako cha ndoo. Kunakuwa kimya, halafu kelele. Kisha unatia kifuniko: kinaelea. Kitu kimoja kilichonunuliwa dukani kwa bei moja, nusu inabaki juu na nusu inakwenda chini.

Waache watie vitu vyao mmoja mmoja, kila mara wakikisia kwanza na kuandika. Kifuko cha karanga huelea. Kamba ya manila ya plastiki mara nyingi huelea, na mtoto wa mvuvi atakwambia kwa nini baba yake huipenda. Uzi wa wavu wa timba, ule mng'avu usioonekana majini, huzama, kwa sababu ni nailoni na nailoni ni nzito kuliko maji. Usiwape sababu mapema. Wakishamaliza kujaza jedwali, ndipo uandike ubaoni neno densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake.

Baada ya hapo ndipo chumvi inapoingia. Koroga gramu 300 hivi katika kila lita ya maji mpaka iyeyuke, halafu tia tena vile vilivyozama. Uzi wa nailoni unapanda juu. Kipande cha chupa kinabaki chini palepale. Watafiti wanaotafuta vipande vidogo vya plastiki kwenye mchanga hutumia ujanja wa namna hiyo hiyo: maji mazito huinua plastiki na kuuacha mchanga. Mwambie mtoto kwamba alichofanya kwenye beseni ndicho kinachofanywa maabara, utamwona anavyokaa wima.

Swali la kufungia kipindi ni moja. Tukienda ufukweni tukaona chupa na vifuko vinaelea, je, tumeiona taka yote ya ziwa? Usilijibu. Waache waende nalo nyumbani.

Ziwa lenye mlango mmoja

Kipindi cha pili ni kifupi, cha ramani. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, tunagawana na Uganda na Kenya, na wastani wa kina chake ni kama meta 40, yaani kwa upana ule ni sahani zaidi kuliko kisima. Mito inayoingia ni mingi: Kagera, Mara, Simiyu, na hapa mjini kwetu Mirongo unaokatiza katikati ya jiji. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja.

Lakini jambo linalowaingia watoto zaidi ni hili: maji mengi ya ziwa hayatoki kwa mto, yanapanda angani kama mvuke. Weka sahani ya maji yenye vipande vya plastiki dirishani penye jua siku ya Jumatatu. Kufikia wiki inayofuata maji yameondoka, vipande vipo. Sahani hiyo inafundisha kuliko mchoro wangu wowote wa mzunguko wa maji. Na usisahau kuwakumbusha kwamba maji ya bomba ya jiji letu huvutwa kutoka ziwa hilo hilo, Capri Point ikiwa moja ya sehemu hizo.

Nina ombi dogo kwa walimu wenzangu hapa. Tuache ile ya "chupa huchukua miaka 450 kuoza". Plastiki ilianza kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1950, hakuna aliyekaa kando ya chupa akangoja. Ni makadirio, na mtoto mwerevu atakukamata. Mwambie lile analoweza kuliona kwa macho: jua huifanya plastiki iwe kavu na kukatika, inakuwa vipande, vipande vinakuwa vipande vidogo zaidi. Mwonyeshe ndoo iliyoachwa nje miaka miwili, aibonyeze kwa kidole.

Kwa sababu hiyo hiyo mimi siungi mkono sana mashindano ya kutengeneza vyungu vya maua kwa chupa. Vinapendeza siku ya wageni. Baada ya misimu michache ya jua vinapasuka vikiwa bustanini, na sasa taka iliyokuwa kipande kimoja imekuwa vipande mia ndani ya udongo wetu wenyewe.

Asubuhi ya kuhesabu

Beba kamba ya meta 40, iliyofungwa mafundo kila meta 10, vigingi vinne, madaftari, na saa. Kamba hiyo inakupa mraba wa meta 10 kwa meta 10. Funga kona ya kwanza kwenye kitu kisichohama. Mwanza Mungu ametujalia mawe. Sisi tuna jiwe letu, na kila mwaka kamba inaanzia hapo.

Wagawe watoto katika makundi ya watano. Mmoja anaandika, wanne wanatembea bega kwa bega ndani ya mraba, taratibu, bila kuokota. Ndiyo, bila kuokota. Watoto waliofundishwa kuwa kuona taka ni kuinama watapata shida sana hapa, na utalazimika kuwakumbusha. Anayeona anataja, anayeandika anachora kijiti kwenye safu yake. Safu zetu ni saba: chupa; vifuniko; vifuko na mifuko; karatasi za biskuti, pipi na vitafunwa; nyavu, kamba na maboya; viatu; mengineyo. Ukiweka safu ishirini watagombana badala ya kuhesabu.

Kundi la pili likimaliza, linganisha na la kwanza. Hesabu hazitafanana. Usiwakasirikie, huo ndio utamu wenyewe. Kifuniko kilichovunjika katikati kihesabiwe kimoja au viwili? Kifuko kilichofukiwa nusu? Wacha wajadiliane wakubaliane, waandike sheria yao kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwaka unaofuata darasa jingine litaisoma.

Kwetu, kila tulipohesabu, vifuniko vilizidi chupa. Mara ya kwanza watoto walidhani wamekosea, wakarudia. Kisha msichana mmoja wa darasa la sita akasema, kama kitu ambacho sote tulipaswa kukijua, "Chupa zinauzwa." Ni kweli. Waokota makopo hupita alfajiri na kubeba chupa, kwa kuwa zina mnunuzi. Kifuniko kilichodondoka peke yake hakina wa kukiinamia. Kwa sentensi hiyo moja darasa liliingia kwenye uchumi wa taka bila mimi kusema neno. Kilichobaki ufukweni kwa sehemu kubwa ni kile kisicho na bei.

Kama una muda, fanya na hili. Pima mraba mdogo wa nusu meta kwa nusu meta pale ambapo ziwa limeacha mstari wa majani na takataka. Kwangua mchanga wa juu, unene wa vidole viwili, upitishe kwenye chekeche ya unga, na utakachokitilia shaka ukitie kwenye beseni la maji ya chumvi mliloacha shuleni. Chochote chini ya milimeta 5 wataalamu hukihesabu kuwa plastiki ndogo, kile wanachokiita maikroplastiki. Mtapata nyuzi na vipande vya rangi. Msipopata kitu, andikeni sifuri. Sifuri nayo ni hesabu.

Hapo utaulizwa habari za samaki, kwa hiyo uwe tayari. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni hapa Mwanza. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Sema hivyo hivyo, usiongeze chumvi. Plastiki ilikutwa kwenye utumbo, ambao kwa sangara na sato sisi huutoa. Nusu ya darasa lako mahitaji yao ya shule yanalipwa na samaki, na mtoto akirudi nyumbani kumwambia mama yake anayeuza sato pale Mwaloni Kirumba kwamba "mwalimu kasema samaki wana sumu", utakuwa umeharibu kazi ya miaka miwili. Hilo nalisema kwa uzoefu. Nilitumiwa ujumbe na wazazi watatu.

Fuata mfereji

Sasa rudi shuleni na uulize: vitu hivi vilikuwa vya nani kabla ya kuwa taka?

Jibu la kwanza litakuwa "wavuvi". Ni jibu rahisi kwa sababu wavuvi ndio tunaowaona ufukweni. Fungua jedwali. Nyavu, kamba na maboya zina safu yao. Je, ndiyo iliyojaa kuliko zote? Kwetu haikuwa. Safu zilizojaa ni za vitu vinavyonunuliwa dukani, mbali na maji.

Kwa hiyo asubuhi ya pili hatuendi ziwani. Tunaanzia mdomo wa mfereji na kupanda. Chagua mfereji mfupi, wa dakika kama thelathini kwa miguu, usiopita barabara kubwa. Watoto wanachora ramani wakitembea: duka hapa, kibanda cha chipsi pale, kalavati, daraja la miguu, kona ambapo taka zimekwama. Kila penye rundo wanaweka alama na kuandika lina nini.

Mtapanda mpaka mtaanza kuhema. Mwanza ni mji wa milima na mawe, na nyumba nyingi zimekaa juu ambapo hata bodaboda hufika kwa dua. Gari la taka haliwezi kufika. Mwenye nyumba huko juu ana njia tatu: kubeba gunia mpaka chini kwenye ghuba la taka (pale taka zinapokusanywa kusubiri gari), kuchoma, au kusubiri mvua. Mvua kubwa ya vuli ikianza, utaona mifuko inashuka kwenye korongo kama ina miadi.

Usiwaruhusu watoto wawahutubie wenye nyumba. Waulize tu. Kwa heshima, "Shikamoo bibi, tunatoka shuleni, tunajifunza taka zinapita wapi. Hapa kwenu gari linafika?" Bibi mmoja alitushika dakika ishirini. Alituonyesha alipokuwa akilima mtama, alipopita maji zamani, na gunia lake la taka lililofungwa vizuri nyuma ya choo. Alikuwa akimsubiri mjukuu wake alishushe Jumamosi. Watoto wangu, waliokuwa wamejiandaa kumkuta mhalifu, walishusha gunia lile wenyewe. Sikuwaagiza.

Kuhusu sheria sema kwa ufupi. Mifuko ya plastiki ya kubebea, ile tuliyokuwa tukiiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Anayekutwa nayo faini ni kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Vifungashio vya bidhaa ni habari nyingine, vinaruhusiwa kwa masharti yake, na ndiyo maana bado mnavihesabu. Darasa la sita hupenda kubishana kama kifuko chepesi kinachobebea nyanya sokoni ni kifungashio au ni mfuko. Waache wabishane, watu wazima nao hubishana.

Getini

Mfereji unaofuatwa kwa uaminifu mara nyingi hupita shuleni pia. Fanya hesabu ile ile kwenye uwanja wa shule baada ya mapumziko ya saa nne. Sisi tuliona aibu. Vifuko vya barafu, vya karanga, vya ubuyu. Vyote vilitoka kwenye meza moja nje ya geti, na vyote vilinunuliwa na sisi.

Rahisi ni kumfukuza mama anayeuza. Shule nyingi hufanya hivyo, naye huhamia mita hamsini mbele, na vifuko vinarudi na watoto. Sisi tulikwenda watu saba kuzungumza naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Leo umekuja na jeshi."

"Nimekuja na wateja wako. Wana swali."

Mvulana mmoja akafungua daftari. "Mama, tukija na vikombe vyetu, barafu utatupunguzia bei?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, barafu ya kikombe utaigandishaje? Kifuko ndicho kinachoifanya iwe barafu." Hatukuwa na jibu. Lakini akaendelea mwenyewe: "Karanga na ubuyu hivyo, mkija na chombo nitawapimia kwa kijiko. Tena nitaongeza kidogo, maana kufunga vifuko usiku kunanichosha. Ila mkono wa mtu usiingie kwenye ndoo yangu."

Ndivyo tulivyokubaliana. Kila mtoto na kikopo chake kidogo chenye mfuniko, cha kwake peke yake, kinaoshwa nyumbani. Vyombo vya kushirikiana msivikubali, kipindupindu si hadithi hapa. Na barafu inaliwa pale pale mezani, kifuko kinatiwa kwenye kiroba alichokitundika yeye. Karanga zilifanikiwa. Barafu ilifanikiwa nusu, kwa sababu mtoto mwenye barafu hasimami sehemu moja. Tulipohesabu uwanja tena baada ya mwezi, safu ya ubuyu na karanga ilikuwa karibu tupu, safu ya barafu ilipungua kidogo tu. Watoto waliandika hivyo hivyo ubaoni, na nilikataa kuifuta wageni walipokuja.

Ndipo mwokote

Sasa unaweza kuandaa ile siku ya usafi, na itakuwa na maana. Inaweza kuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, au tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Ila panga kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kwanza tafuta mnunuzi wa makopo, mwulize anachukua nini na hachukui nini, na aje saa ngapi. Kisha tafuta usafiri wa kile asichokichukua mpaka kwenye ghuba, kwa mkokoteni kama gari halieleweki. Mimi sasa nalipa guta mapema, nusu kabla, nusu likishamwaga. Usafiri usipopatikana, ahirisha siku. Kweli, ahirisha.

Glavu kwa kila mtoto, au basi mfuko wa sukari wa kuvaa mkononi. Mtoto haokoti sindano, kioo, pampasi, wala chupa yenye kimiminika asichokijua. Anasimama, anaita mtu mzima. Koleo moja na ndoo yenye mfuniko zibaki kwa mwalimu kwa ajili ya hivyo. Chupa zinamwagwa mchanga, zinafunguliwa vifuniko, zinakanyagwa, zinatiwa kwenye gunia lake. Vifuniko vina gunia lao. Gugumaji lililojaa taka ukingoni mliache, humo ndani kuna maji, konokono na pengine nyoka.

Wala msichome. Nimeona siku za usafi zikiisha kwa moshi mweusi na watoto wakiuzunguka kama moto wa kambi. Moshi wa plastiki una sumu, na plastiki nyingine, kama ile ya mabomba ya PVC, ni mbaya zaidi. Sabuni na maji viwepo kabla ya mikate.

Pesa ya chupa itakuwa ndogo. Ipige hesabu mbele ya watoto, iandikwe, na wao ndio waamue. Mwaka jana walinunua chumvi na kamba mpya, wakabaki na ya kununua barafu.

Mwaka unaofuata

Hesabu ufukwe tena kwenye jiwe lile lile, kwa kamba ile ile, na katika mwezi ule ule, kwa sababu mraba wa Novemba baada ya mvua na mraba wa Agosti wakati wa kiangazi si vitu vya kulinganisha. Mpe daftari mtoto anayebaki, asiwe anayehitimu. Kwenye kikao cha wazazi usisome wewe. Msimamishe mtoto asome safu zote saba kama zilivyo, pamoja na ile ya vifuko vya barafu ya uwanjani, halafu akae chini, na uone ni mzazi gani atakayenyoosha mkono kwanza. Kwetu alikuwa mmiliki wa duka lililo juu ya mfereji, na alichouliza ni kama anaweza kupata ramani ile.